Mpangaji Anadaiwa Siku Ambazo Hajalala

Chukua chumba kimoja cha Manzese: sakafu ya saruji, dirisha la nondo, choo cha kuchangia na wapangaji wengine watano, na LUKU moja inayonunuliwa kwa zamu na kwa ugomvi. Kodi yake tuseme ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Hakuna anayemlipa mwenye nyumba 70,000 kwa mwezi. Anataka miezi sita, na akikuonea huruma atakubali mitatu. Siku ya kuingia unatoa 420,000 za kodi na 70,000 nyingine za dalali, unapakia godoro na jiko kwenye guta, maisha yanaanza. Miezi sita ikishapita, asubuhi inayofuata unadaiwa 420,000 tena, na katika hizo siku 180 unazodaiwa hujalala hata usiku mmoja.

Ndivyo madeni mengi ya kodi ya Dar es Salaam yanavyozaliwa. Mama ntilie, fundi cherehani, dereva wa bodaboda au mlinzi anaweza kuwa na 70,000 mfukoni siku hiyo, pengine hata 150,000. Mwezi anao. Asichonacho ni ile mitano ambayo haijafika. Hata hivyo ikifika wiki ya tatu ameshakuwa mdaiwa, anapitwa koridoni bila salamu, na mwezi ukiisha anaambiwa atafute pa kwenda.

Mtu wa namna hii anahitaji muda kabla hajahitaji fedha. Na muda unapatikana mtaani kwake, kwa watu anaowafahamu, kwa gharama ndogo sana. Kinachomponza ni kwamba anautafuta mwisho, akiwa ameshatafuta fedha mahali pabaya. Wapo pia wanaodaiwa kweli, waliolala miezi minne bila kutoa senti. Hao nitawafikia.

Kwanza aibu, kwa sababu ndiyo inayofunga milango yote. Mjini hapa tuna utaalamu mkubwa wa kuchanga. Mtu akifiwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa kabla maiti haijatoka hospitali. Akioa, kadi za mchango zinasambazwa miezi mitatu kabla, zina kiwango cha chini, na kamati inakupigia simu kukukumbusha. Binti akifanyiwa kitchen party, ndoo na masufuria yanapatikana. Lakini sijawahi kuona kadi ya mchango wa kodi ya nyumba. Mtu aliyechangia harusi kumi kwa mwaka anahama usiku na watoto wake bila kumwambia hata mmoja wa maharusi, maana kushindwa kodi tumekufanya kuwa kosa la mtu binafsi, dalili kwamba hajui kupanga matumizi. Wakati mwingine ni kweli hajui. Mara nyingi zaidi mtoto aliumwa, au bosi alichelewesha mshahara miezi miwili, au meza yake ya biashara ilibebwa na mgambo.

Aibu hiyo inamfanya aanze kumkwepa mwenye nyumba. Anatoka alfajiri, anarudi saa nne usiku, simu haipokei. Anadhani anajipatia nafasi ya kupumua, kumbe anaharibu kitu pekee alichobaki nacho, yaani kuaminika.

Tumwangalie na huyo mwenye nyumba. Magazeti yetu humchora kama tajiri mwenye kitambi na funguo kiunoni. Yupo wa hivyo. Lakini katika nyumba za Uswahilini, zile za ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, mwenye nyumba mara nyingi analala chumba cha mbele, anachota maji kwenye bomba hilohilo, na kodi ya vyumba vyake ndiyo pensheni yake. Pengine ni mjane. Pengine nyumba ni ya mirathi, warithi wako watano, kila mmoja ana miezi yake ya kuchukua kodi, na anayekudai leo anadaiwa na dada yake wa Tabora. Anataka miezi sita kwa mkupuo kwa sababu naye ana ada za shule zinazokuja kwa mkupuo, na kwa sababu hana imani kwamba mwezi wa pili utalipwa. Hofu yake ina msingi. Kumfuata mpangaji mmoja barazani kunaweza kumgharimu kuliko kodi yenyewe.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni wake, na unagongwa kabla kodi haijaisha. Wiki mbili au tatu kabla. Namna ya kusema ina uzito. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi wa nyumba moja ya Buguruni nikimsikiliza binti akimkabili mama mwenye nyumba wake, na sijasikia wakili aliyeeleza shauri lake vizuri zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na maneno au umekuja na kodi?"

"Nimekuja na vyote viwili, mama. Kodi yangu inaisha tarehe 30. Nina laki moja na nusu hapa, ni miezi miwili na salio. Iliyobaki nitakuletea kila tarehe tano, ndiyo siku tunayolipwa. Nikikosa mara mbili, mimi mwenyewe nitakuachia funguo."

Mama alinyamaza, akahesabu noti kwa kidole kilicholowa mate, akasema: "Kaandike kwa mwenyekiti."

Kila kitu kilikuwemo. Alikuja mapema, akaja na fedha kidogo, akataja tarehe inayofuata siku yake ya mshahara, akaweka adhabu yake mwenyewe. Angekuja mikono mitupu kuomba "avumiliwe kidogo", angejibiwa kwamba kidogo hakilipi ada.

Alipotumwa ndipo msaada wa mtaani unapoanza rasmi. Ofisi ya serikali ya mtaa kila mtu anaifahamu kwa barua ya utambulisho: ya kufungulia akaunti benki, ya kumdhamini ndugu polisi, ya kuombea kazi. Wachache wanaitumia kwa kodi. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kumtoa mtu nyumbani, na akidai anayo anakudanganya. Hana pia fungu la kukulipia. Alichonacho ni kiti, mashahidi na muhuri. Pande mbili zinaketi, maelewano yanaandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku: fulani anakiri kudaiwa kiasi hiki, atalipa hiki kila tarehe hii, mwenye nyumba anakubali kutomsumbua muda wote malipo yanapokwenda sawa. Wanasaini wote, mjumbe anashuhudia, muhuri unagongwa, kila mmoja anaondoka na nakala. Piga picha karatasi hiyo siku hiyohiyo. Karatasi za mtaani hupotea, na hupotea zaidi zinapohitajika.

Thamani ya karatasi ile iko mahali ambapo wengi hawapatazami. Inabadilisha deni. Asubuhi ulikuwa unadaiwa 420,000 kwa pamoja, jioni unadaiwa 70,000 kila tarehe tano. Hujakopa, hujauza kitu, hujapewa sadaka. Ukikatiwa umeme au ukapigiwa kufuli kesho yake, unayo hati inayoonyesha nani amevunja makubaliano.

Kwa kuwa nimetaja umeme, nina neno dogo la pembeni. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini mkono unaonunua umeme ni wa mpangaji. Shilingi 18,000 kwa mwaka si fedha za kumwokoa mtu, ila mpangaji aliyetunza meseji zake za LUKU anaweza kwenda nazo mezani na kuomba zihesabiwe. Zinamkumbusha mwenye nyumba kwamba hesabu zina pande mbili.

Mazungumzo yakishindikana kwa mwenyekiti, kuna Baraza la Kata. Mabaraza haya yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na kwa migogoro ya ardhi yana wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake. Zamani yalikuwa yanaamua kesi. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea mamlaka hayo yakayaachia usuluhishi, na usipopatikana mwafaka ndani ya siku 30 njia ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya inafunguka. Wengi walilalamika kwamba yamenyang'anywa meno. Mimi kwa upande wa kodi naona faida. Mpangaji anayedaiwa hana haja ya hukumu, maana kwenye hukumu ana uwezekano mkubwa wa kushindwa: kweli anadaiwa. Anachohitaji ni wazee wanne wanaomfahamu yeye na mwenye nyumba wake, wasiohitaji wakili, wakiwauliza wote wawili swali la maana: unaweza nini, na unaweza kusubiri mpaka lini?

Mbele ya hapo mambo yanakuwa mazito. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Na. 17 ya 1984, ilikuwa na mabaraza yake ya nyumba, na ilimbana mwenye nyumba katika kupandisha kodi na kumtoa mpangaji. Ilifutwa mwaka 2005 ili soko la nyumba lipumue. Soko lilipumua kweli; ghorofa za Sinza na Kijitonyama ni ushahidi. Lakini mpangaji wa chumba kimoja aliachwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na sheria ya mikataba, zilizoandikwa kwa lugha ya watu wenye mikataba ya kurasa kumi. Hata mawakili hubishana kama madai ya kodi ni mgogoro wa ardhi au ni deni la mkataba tu. Ubishi huo unakuwa na maana pale mtu anapoambiwa na Mahakama ya Mwanzo aende barazani, na barazani aambiwe arudi mahakamani, nauli ikiwa ni yake.

Hata hivyo yapo mambo matatu yanayofaa kujulikana na kila aliyepanga. Deni la kodi ni madai, si jinai, kwa hiyo ukitishiwa kulazwa kituoni kwa sababu ya kodi, hilo ni tishio tu. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuvunja kufuli, kung'oa bati au mlango, wala kukutolea vyombo nje kwa nguvu. Kumwondoa mtu asiyetaka kuondoka kunahitaji amri ya chombo cha sheria, inayotekelezwa na dalali wa mahakama au wa baraza, siyo na vijana watatu wa kijiweni waliopewa 10,000 kila mmoja. Na Sheria ya Ardhi inampa mpangaji aliyechelewa kulipa nafasi ya kuomba nafuu, yaani kuomba apewe muda wa kulipa kabla hajapoteza nyumba.

Anayefika hapo asiende peke yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wa hapahapa mtaani waliofundishwa sheria za msingi, na huduma yao ni bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, chama cha wanasheria wanawake TAWLA na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake wana madawati ya kusikiliza watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Barua moja iliyoandikwa vizuri na mtu anayejua vifungu humpoza mwenye nyumba mkali kuliko machozi ya mwezi mzima. Palipo na watoto, afisa ustawi wa jamii naye ana nafasi yake, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 imezipa halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto. Hatakupa kodi. Lakini afisa akiuliza watoto watalala wapi, swali lenyewe linasogeza tarehe mbele.

Sasa fedha, kwa sababu muda peke yake haulipi deni la aliyelala miezi minne.

Nianze na mahali pasipofaa. Mikopo ya kausha damu imejaa mitaani, wakopeshaji wanapita mlango kwa mlango, fomu ni nusu ukurasa, fedha unapata leo na marejesho yanaanza kesho. Anayekopa 420,000 humo kulipa kodi amemaliza deni la mtu anayemfahamu na kuanzisha deni la mtu asiyemfahamu, ambalo linadaiwa kila siku saa kumi jioni. Mwenye nyumba anaweza kukusubiri wiki. Hawa hawasubiri, wanabeba televisheni. Mikopo ya kwenye simu ni midogo na ya haraka, inafaa kuziba pengo la siku tano. Kuitumia kulipa miezi sita ni kuhamisha shimo kutoka chumbani kwenda kwenye laini ya simu.

Na ipo mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Haina riba, kwa kawaida ni ya vikundi, na ni ya biashara. Nani asiyejua kwamba sehemu ya mtaji ule huishia kwa mwenye nyumba? Mwanamke anachukua fungu lake la kununulia unga na mafuta ya kukaangia maandazi, kodi inaisha wiki hiyohiyo, mtaji unaliwa na chumba. Kikundi kinaposhindwa kurejesha, maofisa wanasema wanawake hawana nidhamu ya mkopo. Wangeangalia tarehe za mikataba yao ya nyumba.

Hapo ndipo nakuja kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Anayekifahamu anajua sanduku lake la chuma lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, hisa zinazogongwa muhuri kwenye kijitabu, na ile bakuli ya mfuko wa jamii inayopitishwa kila kikao, kila mwanachama akidumbukiza 1,000 au 2,000. Mfuko wa jamii una orodha yake: msiba wa mzazi, mume au mtoto, kulazwa hospitali, kujifungua, moto. Kodi haimo. Niliwahi kumuuliza mweka hazina wa kikundi kimoja cha Mbagala kwa nini, akanitazama kama niliyeuliza kwa nini hawanunui ndege. "Kodi ni ya kila mtu," alisema. Ndiyo, na msiba pia ni wa kila mtu.

Hoja yake hasa, tulipoendelea, ilikuwa ya maana zaidi: wakifungua mlango huo wote wataingia, na mfuko utakauka kwa kikao kimoja. Ni kweli kama kikundi kitatoa zawadi ya miezi sita. Lakini kikundi cha wanawake 25 wanaotoa 2,000 kila wiki kinakusanya 50,000, ambayo ni 200,000 na zaidi kwa mwezi. Kikitenga nusu yake kuwa mkopo wa kodi usio na riba, wa mwezi mmoja tu, mara moja kwa mwaka kwa kila mwanachama, kwa mtu aliyeleta ile karatasi ya mwenyekiti, hakitakauka. Mwanachama anapata 70,000 za kumaliza mwezi wa kwanza wa makubaliano, anarudisha kwa vikao vinne. Fedha zisipite mkononi mwake. Wajumbe wawili wazipeleke kwa mwenye nyumba na kurudi na risiti. Marekani ilipotenga zaidi ya dola bilioni 46 kusaidia wapangaji wakati wa korona, utaratibu wa kawaida ulikuwa huohuo, mwenye nyumba alipwe moja kwa moja. Siitaji Marekani kwa sababu halmashauri zetu zina mabilioni. Kiasi hakilingani hata kidogo, ila tabia ya fedha inayopita kwa mtu mwenye shida kumi ni ileile kila mahali.

Misikiti na makanisa nayo yana fedha za kusaidia, na hapa nina ugomvi wa kirafiki nayo. Katika makundi manane yanayostahiki zaka, wenye madeni ni mojawapo, kwa maandishi. Bado kila Ramadhani tunaona foleni ndefu nje ya geti la mfanyabiashara, mamia ya akina mama juani, kila mmoja akiondoka na noti mbili. Zaka ileile ingepitishwa kwa imamu wa msikiti wa mtaa, anayejua ni nani kati ya maamuma wake amepigiwa kufuli, ingewafutia kaya kadhaa deni zima. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo zinazosali nyumba kwa nyumba kila wiki, na wengine wana Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo parokiani. Jumuiya imeketi kwenye chumba cha mtu, imeona godoro limekunjwa, imeona watoto wamepelekwa kwa bibi. Taarifa wanayo. Kinachokosekana ni mtu wa kufunga sala halafu akauliza.

Mwajiri sitamzungumzia sana. Mwenye advansi aiombe mapema, na akiwa mwanachama wa SACCOS aliyeweka akiba, huko ndiko kwenye riba ya kibinadamu. TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, ina kaya zake zilizoandikishwa na haikuundwa kwa dharura ya kodi.

Aliyelala miezi minne bila kulipa na hana dalili ya kipato msaada wake ni tofauti, na tusimdanganye. Karatasi ya mwenyekiti anaihitaji pia, lakini iandikwe ya kuondoka. Deni lihesabiwe kwa siku alizolala tu, siyo kwa mkataba mpya wa miezi sita ambao hakuutaka. Apewe tarehe, tuseme mwisho wa mwezi unaofuata. Vyombo vyake visishikiliwe: kumnyang'anya fundi cherehani yake ni kuhakikisha kwamba hatalipa kamwe. Wenye nyumba wengi hukubali haraka kuliko tunavyodhani, kwa sababu chumba chenye mgogoro hakipangishiki, na kila mwezi wa mvutano ni mwezi usio na kodi.

Nani basi anafaidika mtu anapotolewa? Nimejaribu kuhesabu na jina linalobaki ni moja. Mwenye nyumba anapoteza wiki kadhaa za chumba kitupu, anapaka rangi, anabadilisha kitasa. Mpangaji anatafuta 490,000 za kuingilia kwingine, wakati alishindwa 420,000. Watoto wanabadilisha shule katikati ya muhula. Dalali anapata mwezi wake kwa chumba kilichoachwa, na pengine mwezi mwingine kwa chumba kinachotafutwa. Simlaumu, ni kazi yake na jua la Dar ni kali. Lakini soko ambalo mtu wa kati analipwa kila mara watu wanapovurugika halitajituliza lenyewe.

Ndiyo maana sioni jinsi mtaa peke yake utakavyobeba mzigo huu. Kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kumelaaniwa na mawaziri wa ardhi na wabunge kwa nyakati tofauti, na wenye nyumba wamesikiliza, wakatabasamu, wakaendelea. Kauli si sheria. Sheria fupi ingetosha: nyumba ya kuishi isidaiwe kodi ya mbele inayozidi mwezi mmoja au miwili, pamoja na amana ya mwezi mmoja inayorudishwa, ujira wa dalali ulipwe na aliyemtuma, na Baraza la Kata litajwe wazi kuwa mahali pa kwanza pa shauri la kodi ya chumba, ili Mahakama ya Mwanzo na baraza la wilaya ziache kurushiana watu. Wenye nyumba watasema wataibiwa. Wapewe nao haki yao: shauri lisikilizwe ndani ya siku 30 zilezile, na asiyelipa miezi miwili bila makubaliano atolewe kwa amri, haraka, bila kuzungushwa miaka. Yule mama wa Buguruni atakubali kodi ya kila mwezi siku atakapokuwa na hakika kwamba mwezi usiolipwa una mahali pa kusikilizwa karibu na kwake.

Bunge likichelewa, kama kawaida yake kwa mambo ya vyumba, serikali ya mtaa haihitaji kulisubiri. Mkutano mkuu wa mtaa unaweza kukubaliana kwamba hakuna chombo cha mpangaji kitakachotolewa nje kabla pande mbili hazijaketi mbele ya mwenyekiti, na fomu ya makubaliano ikachapwa, ikarudufiwa nakala hamsini, ikawekwa mezani kando ya zile za barua ya utambulisho. Gharama yake ni rimu moja ya karatasi.